Nani Achague Kwanza? Uteuzi na Malezi ya Chipukizi, kutoka Besiboli hadi Migori na Homa Bay

Huenda ukastaajabu kwamba mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa katikati ya mashamba ya miwa ya Awendo, Kaunti ya Migori, anathubutu kuandika juu ya besiboli. Waingereza waliotutawala walituachia kabumbu. Mchezo huu wa Wamarekani hawakutuachia. Kwetu aliyeukaribia zaidi ni yule aliyewahi kuwaona wasichana wa shule wakicheza raundas. Mimi niliuona mara ya kwanza kwenye runinga ya kinyozi mmoja mjini Migori, ambaye hata yeye hakujua alikuwa amefungua idhaa gani. Nilinyolewa, nikalipa, nikabaki kitini.

Kilichoniteka si gongo wala mpira. Ni namna wenyewe wanavyowachagua vijana na kuwalea hadi wakomae. Makala haya yanadhamiria kueleza utaratibu huo, kisha kuutazama pamoja na namna tunavyowachagua watoto wetu Migori na Homa Bay, uwanjani na hata darasani.

Kwanza, suala la istilahi, maana bila hilo wahadhiri wangu hawatanisamehe. Waandishi wetu wa spoti hupenda neno ‘usajili’. Lakini usajili ni mapatano baina ya mchezaji na klabu inayomtaka. Wengine husema ‘mchujo’. Mchujo nao huondoa wasiofaa, kama chujio linavyoyazuia majani ya chai. Linalofanyika katika besiboli ni jambo la tatu: klabu zote huketi pamoja, kila moja hungoja zamu yake, na ikifika hutaja jina la kijana mmoja. Tangu hapo klabu nyingine hairuhusiwi kumgusa ila wa kwanza ashindwe kuafikiana naye. Napendekeza tuuite ‘uteuzi wa zamu’. Mwenye neno bora na alilete.

Uteuzi wa zamu ulianza mwaka 1965. Kabla ya hapo vijana hodari waliangukia mikononi mwa klabu zenye fedha nyingi, na klabu maskini ziliokota makombo. Ikaamuliwa basi kwamba klabu zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo zitangulie kuchagua. Wa kwanza kabisa kuteuliwa alikuwa Rick Monday, aliyechukuliwa na Kansas City Athletics. Leo klabu ni 30 na raundi ni 20. Hadi mwaka 2019 raundi zilikuwa 40, na mwaka 2020, wakati wa Korona, zilipunguzwa zikawa 5 tu. Tangu uteuzi wa mwaka 2023, nafasi sita za mwanzo hupigiwa kura ya bahati nasibu, ili kupunguza kishawishi cha klabu kushindwa kwa makusudi ikitumaini kutangulia. Hata wema una mianya yake.

Wanaoteuliwa ni vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico waliomaliza shule ya upili, au waliosonga mbele katika chuo. Mtoto wa nchi nyingine hayumo. Yeye aweza kutia sahihi na klabu yoyote akifikia umri wa miaka 16, na ndiyo sababu klabu zote 30 zina vyuo vya kulea vipawa katika Jamhuri ya Dominika.

Sasa tugeukie kwetu. Msomaji wa rika langu aukumbuke uteuzi wa Kidato cha Kwanza, uliofuata mtihani wa KCPE hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Nao ulikuwa uteuzi wa zamu, ila ulikwenda kinyume. Shule za kitaifa zilitangulia kuchagua, zikachukua waliopata alama za juu kabisa. Zikafuata zile zilizo chini yake, na chini yake tena, hadi shule ndogo za kutwa za huku Uriri, Ndhiwa na Suba zikachukua waliobaki. Mwaka uliofuata tukazilaumu shule hizo kwa kushika mkia. Klabu ya besiboli iliyoshika mkia hutangulizwa mezani. Shule yetu iliyoshika mkia hunawa mikono ya mwisho.

Sisemi kwamba mtoto aliyepata alama 400 alazimishwe kwenda shule isiyo na maabara. Mtoto si gunia la mahindi la kugawiwa ili mizani isawazike, na hata Marekani wapo wanaolalamika kwamba uteuzi wa zamu humnyima kijana uhuru wa kuchagua mwajiri wake na hushusha malipo yake. Hoja yangu ni kwamba wenzetu walikiri jambo ambalo sisi hatujalikiri: anayechagua kwanza mwaka baada ya mwaka hana budi kushinda mwaka baada ya mwaka, na ushindi huo usihesabiwe kuwa ni ustadi wake peke yake.

Namna ya kupima ndiyo iliyonivutia kuliko yote. Msaka vipawa wa besiboli humtazama kijana kwa mambo matano: kuupata mpira kwa gongo, kuupiga kwa nguvu, kukimbia, kudaka, na kurusha. Kila jambo hutiwa alama kati ya 20 na 80, na 50 ndiyo ya mchezaji wa wastani wa ligi kuu. Kisha, na hapa ndipo penye siri, kila jambo hutiwa alama mara mbili: alama ya leo, na alama ya siku kijana atakapokomaa. Mvulana wa miaka 17 aweza kuandikiwa 30 kwa nguvu za leo na 60 kwa nguvu za kesho, kwa kuwa mabega ni mapana na mwili haujajaa. Sisi wanafunzi wa sarufi tungesema wenzetu wanampima mtoto kwa njeo mbili, ilhali sisi tumeridhika na moja. Mtihani mmoja wa siku chache, au mechi moja ya dakika 90 katika kiwanja chenye matope, hutuambia alivyo. Atakavyokuwa hatuulizi.

Na hao wenye njeo mbili pia hukosea, tena vibaya. Mwaka 1966 New York Mets walikuwa na zamu ya kwanza. Walimchagua mdakaji kijana, Steve Chilcott. Waliokuwa na zamu ya pili, Athletics, wakamchukua Reggie Jackson. Chilcott aliumia bega, wala hakucheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Jackson alipiga mipira 563 ya kuvuka ua, akaingizwa katika Jumba la Mashujaa mwaka 1993. Mike Piazza naye aliteuliwa mwaka 1988 katika raundi ya 62, wa 1,390 kwa hesabu, na inajulikana kwamba aliteuliwa kwa hisani tu, kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa kocha Tommy Lasorda. Yeye pia yumo katika Jumba la Mashujaa. Albert Pujols alingoja hadi raundi ya 13 mwaka 1999. Alipostaafu mwaka 2022 alikuwa amepiga mipira 703 ya kuvuka ua.

Kwa hiyo uteuzi si jambo la mwisho, bali ni mwanzo wa malezi. Kijana aliyeteuliwa hapelekwi moja kwa moja ligi kuu. Hupanda ngazi: ligi ya wanagenzi, kisha daraja la A, A ya juu, AA na AAA, na klabu kuu huwa na timu nne za namna hiyo katika miji midogo mbali na zile za wanagenzi. Ni maisha magumu. Kwa miaka mingi malipo yalikuwa haba mno, na hadi mwaka 2022 klabu hazikulazimika kuwapa makazi. Mwafrika Kusini Gift Ngoepe alitia sahihi na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Aliingia uwanjani katika ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017, akiwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Miaka tisa! Lakini katika miaka hiyo yote ngazi ilikuwapo, na kila msimu alijua yuko kwenye kidato kipi.

Majirani zetu wa Uganda wameanza kuipanda. Mwaka 2011 timu ya watoto wao ilifuzu kwenda kwenye fainali za dunia za ligi ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kushiriki. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia sahihi na Los Angeles Dodgers. Kutoka Lugazi hadi Migori si mbali kama ramani za shule zinavyotufanya tudhani.

Ngazi hiyo tuliwahi kuwa nayo nusunusu. Kiwanda cha sukari cha South Nyanza kilikuwa na timu ya kabumbu, Sony Sugar, iliyochezea Awendo Green Stadium na kutwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Mtoto wa Awendo aliweza kuiona ngazi yote kwa macho yake akiwa amekaa juu ya mkokoteni wa miwa: kiwanja cha shule, timu ya mtaa, Sony, Harambee Stars. Mwishoni mwa mwaka 2019, baada ya kushindwa kufika katika mechi tatu, timu hiyo iliondolewa ligini. Fedha zilikuwa zimekwisha. Homa Bay nako wamejengewa uwanja mzuri mjini, na Gor Mahia, iliyopewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, huko huko Ndhiwa, bado inapendwa kupita kiasi. Lakini makao yake ni Nairobi. Baina ya kiwanja cha shule na Nairobi, vidato vimeng’oka.

Kilichobaki ni michezo ya shule, kutoka kanda hadi kaunti, kutoka Nyanza hadi taifa. Huko ndiko chipukizi wanakosakwa, na wanaosaka kwa bidii zaidi ni shule zenyewe. Walimu wakuu hutuma watu vijijini. Kijana huahidiwa karo na sare. Wengine huingizwa wakiwa wamekwisha kupita umri, ndio hao magazeti yetu huwaita mamluki.

Namjua mmoja ambaye hakuwa mamluki. Alikuwa wa rika langu, tulicheza pamoja mpira wa karatasi na kamba za katani, naye alichukuliwa na shule moja ya mbali akiwa Kidato cha Pili kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Alicheza mwaka mmoja na nusu. Goti lilipovunjika katika mechi ya kirafiki, hakuna aliyemfukuza. Karo tu ndiyo iliacha kulipwa. Alirudi nyumbani kwa matatu akiwa na magongo mawili na sanduku, wala hakufanya mtihani wa Kidato cha Nne.

Hapa ndipo ninapowahusudu wapenzi wenzangu wa besiboli. Kijana anayetoka shule ya upili na kutia sahihi aweza kudai kiandikwe katika mkataba wake kwamba klabu itamlipia masomo ya chuo mchezo ukimshinda. Brien Taylor, aliyekuwa wa kwanza kuteuliwa mwaka 1991, aliumia bega mwaka 1993 nje ya uwanja na hakufika ligi kuu. Ajali za namna hiyo hutokea kila mwaka, ndiyo maana huandikiwa.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili za mtaala mpya, na moja ya njia tatu walizoweza kuchagua ni ya sanaa na michezo. Ni hatua njema. Lakini sijaona fomu ya shule yenye safu mbili za alama, ya leo na ya kesho, wala inayosema nani atalipa karo mguu ukivunjika. Karatasi moja yatosha kuandika mambo hayo, nayo itiwe sahihi na mzazi, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa bodi kabla ya mtoto kuhama.

Rafiki yangu sasa hufundisha watoto kabumbu jioni, nyuma ya soko. Nilimchorea ile mizani ya 20 hadi 80, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza goti huandikwa wapi. Nilimwambia halina safu yake. Akachukua kalamu, akaongeza safu ya sita.