Fedha, Mwarobaini na Vidonda Visivyopona

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Katika Chama chetu cha Sayansi muhula huu tumezungumza mara nyingi habari za chembe ndogo mno za madini ya fedha, ambazo wataalamu wanatumaini zitasaidia kupigana na vijidudu na kuponya vidonda. Baadhi ya wenzangu walitoka mkutanoni wakisema kwamba dawa mpya imekwisha patikana. Wengine walisema ni hadithi tupu. Yote mawili si kweli. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nilieleze jambo hili kadiri nilivyolisoma, ili wenzangu, na wazazi wetu pia, wapate kulipima wenyewe. Fedha niitajayo hapa si ile ya mfukoni, bali ni madini meupe ambayo masonara hufulia pete na bangili.

Kwanza tujiulize, jambo hili latuhusu nini sisi watu wa Mwanza? Latuhusu sana. Mvuvi huchomwa na ndoana au na miiba ya sangara, mkulima hujikata kwa panga, mtoto huungua jikoni, na pikipiki huangusha watu kila siku. Mara nyingi jeraha lenyewe ni dogo; hatari hasa ni vijidudu viingiavyo ndani yake. Alexander Fleming alipogundua penisilini mwaka 1928, binadamu alipata silaha kubwa ya kuviua. Lakini Fleming mwenyewe, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba mtu akitumia dawa kwa kiasi kidogo kisichotosha, vijidudu havifi, bali huizoea.

Onyo hilo limetimia. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, ile iliyo kilimani juu ya mji wetu. Wagonjwa 65, yaani 26 katika kila 100, majeraha yao ya upasuaji yaliingiwa na vijidudu. Uchunguzi mwingine wa hospitali hiyo hiyo, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba katika vijidudu vya aina ya Klebsiella pneumoniae, 64 katika kila 100 viliweza kuziharibu dawa nyingi za ukoo wa penisilini. Wala si Mwanza peke yake. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu kama 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya vijidudu visivyosikia dawa. Ndiyo maana silaha nyingine zinatafutwa.

Kutumia fedha kama dawa si jambo jipya. Katika miaka ya 1880 daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, aliwatia watoto wachanga matone ya nitrati ya fedha machoni ili wasipofuke, na watoto wengi waliokolewa. Mwaka 1968 Charles Fox wa Marekani alieleza habari za malhamu yenye fedha kwa ajili ya walioungua moto, na malhamu hiyo ingali ikitumika katika hospitali nyingi. Jambo lililo jipya ni udogo wa chembe zenyewe.

Kipimo cha chembe hizi ni nanomita. Ukigawa milimita moja katika sehemu milioni moja, kila sehemu ni nanomita moja. Chembe zinazoitwa nano zina upana wa nanomita 1 hadi 100, hali unywele wa binadamu una upana wa nanomita elfu nyingi. Udogo huo una faida gani? Tufanye hesabu. Chukua kipande cha fedha chenye umbo la dadu, kila upande sentimita 1. Eneo la nyuso zake zote sita ni sentimita za mraba 6 tu. Sasa kikate chote kiwe vidadu vya nanomita 10. Fedha ni ile ile, haikuongezeka hata chembe, lakini nyuso zote zikijumlishwa ni mita za mraba 600, eneo kubwa kuliko uwanja wetu wa netiboli. Na kwa kuwa fedha huviua vijidudu kwa kuanzia usoni pake, fedha kidogo sana yaweza kufanya kazi kubwa.

Chembe hizo hutengenezwaje? Kila aliyefanya jaribio la kloridi maabarani anaijua nitrati ya fedha. Tena mwanafunzi asiye mwangalifu, ikimdondokea vidoleni, baadaye huona madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni. Madoa yale ni fedha yenyewe. Ayoni za fedha zilizokuwa zimeyeyuka majini zimepata elektroni ngozini, kwa msaada wa mwanga, zikarudi kuwa madini. Viwandani na maabarani kazi hiyo ya kutoa elektroni imezoeleka kufanywa kwa kemikali kali, kama haidrazini, ambazo nyingine ni sumu kwa mtu na kwa maji.

Hapa ndipo uingiapo mwarobaini, mti tunaoujua sote kwa kivuli chake na kwa uchungu wake. Mwaka 2004 wataalamu wa Pune, India, walieleza jinsi walivyochemsha majani ya mwarobaini, wakayachuja maji yake, wakayachanganya na maji yenye nitrati ya fedha. Majani yana vitu vingi vya asili vinavyoweza kutoa elektroni. Ayoni za fedha zikizipokea hugeuka kuwa chembe nano, na maji hubadilika rangi, yakawa ya manjano, kisha ya kahawia. Zaidi ya hayo, vitu hivyo vya majani huzivika chembe kama koti, zisigandamane zikawa mabonge. Tangu hapo wengine wamefanya vivyo hivyo kwa mshubiri, chai na mimea mingine mingi. Njia hii ndiyo inayoitwa rafiki wa mazingira.

Chembe hizo zikikutana na kijidudu hutoa ayoni za fedha polepole. Ayoni hushika ukuta wa kijidudu, huingia ndani, hushikamana na protini zake na kuizuia nguvu yake ya kupumua. Kwa kuwa hushambuliwa mahali pengi kwa mara moja, kijidudu hupata shida kujikinga. Hata hivyo si kwamba hakiwezi. Mwaka 1975 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa habari za vijidudu vya salmonela, katika wodi ya walioungua moto, ambavyo havikuuawa na nitrati ya fedha. Kwa hiyo fedha nayo ikitumiwa ovyo yaweza kupoteza nguvu zake, kama penisilini.

Tena neno "rafiki wa mazingira" lisitudanganye. Maana yake ni kwamba njia ya kutengeneza imepunguza sumu. Halisemi kwamba fedha haina madhara ikifika ziwani. Ayoni za fedha huwadhuru samaki na vidudu vidogo vya majini, na vidudu hivyo ndivyo chakula cha dagaa. Hata katika kidonda, fedha ikizidi huumiza chembe hai za ngozi ile ile inayojitahidi kupona. Ndiyo maana chembe zilizofanya vizuri katika chupa ya maabara bado zinahitaji kupimwa kwa uangalifu kabla hazijawa dawa ya mgonjwa.

Basi naomba mwenzangu asije akachemsha mwarobaini, akauchanganya na nitrati ya maabara na kujipaka kidondani. Nitrati ile huunguza, na maji ya majani yasiyosafishwa yanaweza kuleta vijidudu vingine. Kwetu Ukerewe nimeona pia watu wakifungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya jeraha. Hiyo ndiyo shule ya kuvifundisha vijidudu kuizoea dawa.

Tuliyo nayo leo yanatosha kuokoa wengi. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, lifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa aende zahanati, hasa kama jeraha ni la kina au limeingia udongo, aulizwe kama amechanjwa pepopunda. Akipewa dawa, aitumie kama alivyoagizwa, wala asimgawie jirani. Kwa habari ya maji safi, yafaa tujue kwamba Mtanzania mwenzetu, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha, alitengeneza chujio la mchanga lililotiwa vitu vya nano, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Uhandisi. Alianza kwa kuisoma kemia darasani, kama sisi.