"Lakrimali" ni kusema nini?

Mama mmoja alituletea karatasi ya mganga: mfereji wa lakrimali wa mtoto wake umeziba. Alilia, akidhani mtoto atakuwa kipofu. Tulimweleza hivi. Neno hilo latoka katika Kilatini, lacrima, maana yake chozi. Tezi ya lakrimali, juu ya jicho, hutoa machozi. Mfereji wa lakrimali huyapeleka puani. Ndiyo sababu tukilia, pua nayo hutoa maji. Kwa watoto wachanga mfereji ulioziba si jambo geni. Mara nyingi hufunguka wenyewe kabla ya mwaka 1. Tusitie maziwa wala maji ya majani jichoni. Jicho likivimba au likitoa usaha, turudi upesi kwa mganga.