Feri ya beto na kutu: zinki inasaidia wapi?

Koperative nyingi zinajenga depo ya mchele, kakao ao mbolea. Simenti na feri zinakula makuta mengi, na kutu inaweza kuharibu yote.

Beto mupya inakinga feri yenyewe. pH yake inapita 12, na hapo chuma haishiki kutu. Lakini hewa inaingia polepole, inapunguza ile nguvu. pH ikishuka chini ya 9, unyevu wa Kisangani, kunakonyesha karibu mwaka mzima, unamaliza kazi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma, inapasua beto toka ndani. Mukiona mupasuko unaofuata mustari wa feri, na maji ya rangi ya kahawia, njo yeye.

Chumvi inaharakisha zaidi. Muchanga wa mto Congo na wa Tshopo ni wa maji matamu, hauna shida ya muchanga wa bahari. Hatari yetu ni magunia: chumvi ya kula, na kloruru ya potasi tunayotia kwenye ngazi. Ikimwagika na kulowana, inapenya mpaka kwenye feri.

Zinki inafanya nini? Kama vile tole ya nyumba, feri inazamishwa ndani ya zinki iliyoyeyuka, kwa digri karibu 450. Zinki inafunika chuma, tena inakubali kuliwa mbele ya chuma. Ikikwaruzwa kidogo, ile ya pembeni inaendelea kukinga.

Lakini bei iko juu kuliko feri nyeusi. Muanze na haya:

1. Maji yasipite litre 25 kwa mfuko wa simenti wa kilo 50. Beto ilowanishwe siku 7.

2. Feri ifunikwe na beto sentimita 3, na 5 upande wa udongo.

3. Magunia yakae juu ya mbao, hapana chini.

4. Makuta yakibaki, mutie feri ya zinki kwenye sakafu ya mbolea na miguu ya nguzo. Musiifunge pamoja na feri nyeusi, zinki itaisha mbio. Waya ya kufungia nayo iwe ya zinki. Pahali fundi amekata ao kusuda, apake rangi yenye unga mwingi wa zinki. Rangi ya kawaida haitoshi.

Zinki haiponyeshi beto mubaya, inachelewesha kutu tu. Kwa hiyo komite ipime ile sentimita 3 na metre mbele ya kumwaga beto. Kisha kumwaga, hakuna tena wa kuiona.