Miche ya Migomba "Iliyopimwa": Kipimo Kipi, na Kinathibitisha Nini?

Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria wa jamii ya Xanthomonas uliripotiwa nchini Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa mkoani Kagera. Hauna dawa. Chipukizi lenye maambukizi huweza kuonekana zima siku linaponunuliwa, kisha likaeneza ugonjwa shambani kupitia panga na wadudu. Kwa hiyo, muuzaji anaposema kuwa miche yake "imepimwa", mnunuzi anapaswa kuelewa maana ya kauli hiyo.

Vipimo viwili vya vinasaba hutumika. Vyote hutafuta kipande cha vinasaba ambacho ni cha bakteria huyo pekee, na kukinakili hadi kiweze kuonekana. Tofauti imo katika njia.

Kipimo cha PCR hupasha sampuli joto hadi nyuzi 95 hivi na kuipoza, kwa mizunguko mingi. Huhitaji mashine maalumu, umeme wa uhakika na wataalamu wa maabara, na huchukua saa kadhaa mbali na muda wa kusafirisha sampuli. Aina yake mojawapo hukadiria pia wingi wa bakteria.

Kipimo cha LAMP hutumia joto lisilobadilika, nyuzi 60 hadi 65, na hutoa jibu kwa takriban saa moja au chini yake. Kifaa chake chaweza kupelekwa hadi kwenye kitalu. Hata hivyo, hunakili kwa wingi mno, hivyo chembe ndogo iliyosalia kutoka sampuli iliyotangulia huweza kuufanya mche wenye afya uonekane mgonjwa. Ni vyema matokeo hayo yathibitishwe maabara.

Vipimo vyote viwili vina mipaka. Havitenganishi kwa urahisi bakteria hai na waliokufa. Tena, huona kile tu kilichomo katika sampuli. Bakteria hawaenei sawasawa katika mgomba: jani laweza kuwa safi ilhali tunguu lina maambukizi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize:

1. Ni kipimo gani kilitumika, na nani alikifanya?
2. Sampuli ilichukuliwa sehemu gani ya mmea, na ni miche mingapi iliyopimwa kati ya yote inayouzwa?
3. Upimaji ulifanyika lini, na miche imetunzwa wapi tangu siku hiyo?

Cheti kisichojibu maswali haya kisimtoshe mnunuzi.

Hata miche iliyopimwa vyema yaweza kuambukizwa baada ya kupandwa. Safisha panga kwa moto au jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na vunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapojitokeza. Ukiona majani yananyauka au ndizi zinaiva kabla ya wakati, mwarifu afisa ugani bila kukawia.