Bomba la maji taka likichoka: Utengeneze au ulifumue lote?

Wenye nyumba za zamani jijini Dar es Salaam wana gharama moja ambayo haionekani katika hesabu zao mpaka siku choo kinapokataa kushusha maji. Gharama hiyo ni bomba la maji taka linalotoka nyumbani hadi kwenye chemba ya kuunganishia barabarani, au hadi kwenye karo kwa wale ambao bomba kuu la mji halijawafikia, nao ndio walio wengi.

Nyumba nyingi za Upanga, Kariakoo, Ilala na Magomeni ni za miaka ya 1950 na 1960. Baadhi zilitaifishwa mwaka 1971 na kuwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Nyumba iliyopita katika mikono mingi kiasi hicho ni nadra kukutwa na ramani ya mabomba yake. Mnunuzi hukabidhiwa hati na funguo; bomba limepita wapi na ni la aina gani atalijua siku ya kuchimba.

Mara nyingi atakuta bomba la udongo wa kuchomwa. Bomba lenyewe si baya. Udongo huo hauozi wala hauliwi na tindikali, na unaweza kukaa ardhini miaka mingi kuliko aliyeufukia. Ubovu wake uko kwenye maungio. Vipande vyake ni vifupi, hivyo njia ya mita 30 inaweza kuwa na maungio 30 au zaidi, na yote yalizibwa kwa saruji. Ardhi ikicheza kidogo saruji hupasuka, maji hupenya nje, na mizizi ya mti hufuata unyevu huo hadi ndani. Mwarobaini uliopandwa kwa ajili ya kivuli hauoni shida kupitisha mzizi mwembamba kama uzi kwenye ufa, kisha mzizi huo ukanenepa ndani ya bomba.

Bomba la zege lina ugonjwa mwingine. Maji taka yakituama hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo ikikutana na unyevu wa dari ya bomba hugeuka tindikali inayokula zege kutoka juu. Anayetazama sakafu ya bomba ataliona zima wakati paa lake limekwisha. Kuna pia mabomba ya asbesto. Haya yasikatwe kwa msumeno yakiwa makavu, kwani vumbi lake hudhuru mapafu. Mwagia maji kwanza, na vipande visiachwe uani watoto wakavichezea.

Swali la kutengeneza au kubadilisha, kwa hiyo, halijibiwi na umri wa bomba peke yake. Linajibiwa na jambo moja: je, ubovu uko mahali pamoja au umeenea njia nzima? Mwenye nyumba anaweza kulipata jibu kabla ya kumwita fundi wa kuchimba.

Funua chemba mbili zinazofuatana. Mtu mmoja amulike tochi kwenye mdomo wa bomba katika chemba ya juu, mwingine ashushe kioo katika chemba ya chini. Ukiona duara kamili la mwanga, njia imenyooka na ni safi. Ukiona nusu duara, bomba limekaa tumbo mahali fulani na maji yametuama. Usipoona kitu, kuna kizuizi au limevunjika. Siku hizi zipo kamera za kupitisha ndani ya bomba, na anayeweza kuikodi atapata picha iliyo wazi zaidi, lakini kioo na tochi bado vinafanya kazi kwa bei ya kioo na tochi. Kipimo cha pili ni cha maji. Ziba mdomo wa chini, jaza bomba, weka alama kwenye chemba ya juu, kisha usubiri nusu saa. Maji yakishuka sana, yanakwenda ardhini.

Na hapo suala si la fedha tu. Uani mwa nyumba nyingi za jiji hili kuna kisima, na ardhi ya mchanga haizuii kitu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza jijini Agosti 2015 uliwakumbusha wakazi jinsi maji ya kunywa na maji taka yanavyoweza kuwa majirani. Bomba linalovuja karibu na kisima halifai kusubiri hesabu yoyote.

Kwa wengine wote, hesabu ifanyike. Takwimu zifuatazo ni za mfano; msomaji aweke bei za mtaani kwake. Tuseme kuzibua mara moja ni Sh. 60,000 na njia yako huziba mara 8 kwa mwaka. Hizo ni Sh. 480,000 kwa mwaka na Sh. 2,400,000 kwa miaka mitano. Tuseme pia kutengeneza sehemu moja iliyovunjika ni Sh. 250,000, na kubadilisha njia yote ni Sh. 2,000,000.

Ikiwa ubovu ulikuwa sehemu hiyo moja tu, na baada ya matengenezo kuzibua kukapungua hadi mara 1 kwa mwaka, utatumia Sh. 550,000 kwa miaka mitano. Hapo anayekushauri kufumua njia nzima anajitafutia kazi. Lakini kuzibua kukipungua hadi mara 5 tu, utakuwa umetumia Sh. 1,750,000 na bomba bado ni lile lile la zamani. Kwa mwenye wapangaji, ongeza mwezi mmoja wa chumba kitupu baada ya mpangaji kuchoshwa na harufu, na jibu linakuja lenyewe.

Kitu ambacho hakitengenezeki kwa kipande ni mteremko. Bomba lililokaa tumbo litaziba hata likiwa jipya. Kipimo walichokizoea mafundi kwa bomba la inchi 4 ni kushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 40, yaani sentimita 75 kwa njia ya mita 30. Kabla ya kununua chochote, pima kina cha chemba ya mwisho. Ikiwa hairuhusu kushuka huko, zungumza na fundi kwanza, vinginevyo utazika fedha.

Kwa vifaa, bomba la plastiki la inchi 4 huuzwa kwa urefu wa mita 6, hivyo njia ya mita 30 inahitaji mabomba 5, na maungio yanabaki machache. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo utaonyeshwa jembamba na nene, na tofauti ya bei itakushawishi uchukue jembamba. Hilo ni la kushushia maji ukutani, si la kufukiwa chini ya njia ya gari. Tazama unene wa ukingo, bonyeza kwa kiganja, na utafute alama ya Shirika la Viwango. Gharama kubwa, hata hivyo, haiko dukani. Mtaro wa mita 30, upana sentimita 60 na kina cha wastani wa sentimita 90, ni zaidi ya mita 16 za ujazo za udongo wa kuchimbwa na kurudishwa, ukiacha sakafu itakayovunjwa. Kazi hii ifanywe baada ya masika, kwani mtaro wa mchanga uliolowa hubomoka, na unaweza kumfukia kibarua.

Bomba likaliwe na mchanga laini, si mawe. Maji ya mvua kutoka kwenye bati yasiingizwe humo, na kazi ya kuunganisha kwenye bomba kuu waachiwe DAWASA. Patana na fundi kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kipimo cha maji, na kipimo hicho kifanyike mtaro ukiwa bado wazi.