Bima ya pamba Simiyu: Fidia bila gari la mkaguzi

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MVUA ikikatika mwezi Februari, pamba ikiwa katika maua, mkulima wa Itilima au Meatu hujua hasara yake ndani ya wiki chache. Kampuni ya bima, kwa utaratibu wa zamani, huijua baada ya kujaza gari mafuta na kumtuma mtathmini hasara shambani.

Swali linalowagusa wafanyabiashara wa pamba na wenye hisa katika kampuni za bima ni moja: je, gari hilo lina haja ya kwenda?

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na makao yake makuu yakiwa Bariadi, ni moyo wa pamba ya Tanzania. Mbegu na viuadudu hutolewa kwa mkopo kupitia vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS), na deni hukatwa mkulima anapouza, msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei. Pamba ikikauka, anayepata hasara si mkulima peke yake. Deni la pembejeo linabaki kitabuni na kiwanda cha kuchambua pamba kinakosa mali.

Hesabu ya safari

Ofisi za kanda za kampuni nyingi za bima ziko Mwanza. Kutoka huko hadi Bariadi kupitia Lamadi ni takriban kilomita 190. Tuchukue mfano wa gari la dizeli linalokula lita 12 kwa kilomita 100, likaenda, likazunguka vijijini kilomita 60 na kurudi. Jumla ni kilomita 440 na lita 53. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.68 za hewa ya ukaa, hivyo safari moja inaacha angani kilo 142.

Kwa bei ya mfano ya Sh. 3,000 kwa lita, mafuta pekee ni Sh. 159,000. Mkulima wa ekari mbili aliyekata bima ya Sh. 200,000 kwa ekari, akipoteza nusu ya zao, anadai Sh. 200,000. Gari limekwisha kula fedha inayokaribia fidia yenyewe, na posho ya mtathmini na malazi bado havijahesabiwa.

Ni kweli kwamba safari moja inaweza kukagua mashamba mengi. Lakini ukame haupigi hodi kwenye kijiji kimoja. Madai yakiwa 2,000, na gari likakagua mashamba 20 kwa safari, zinahitajika safari 100, lita 5,300 za dizeli na zaidi ya tani 14 za hewa ya ukaa. Kubwa zaidi ni muda. Gari moja likienda kila siku litamaliza baada ya siku 100, wakati kanuni za zao hilo zinamtaka mkulima ang'oe na kuchoma mabua baada ya mavuno. Mkaguzi wa mwisho angekuta majivu.

Setilaiti badala ya gari

Njia mbadala ni bima ya kiashiria. Hapa mtathmini haendi shambani. Mkataba unataja kipimo, kwa mfano kiasi cha mvua katika tarehe zilizowekwa, au ukijani wa mimea unaoonekana kutoka angani. Kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, fidia inalipwa kwa wote wa eneo hilo.

Takwimu zipo. Kumbukumbu za mvua za CHIRPS, zinazochanganya setilaiti na vituo vya ardhini, zinaanzia mwaka 1981 na zinagawa ardhi katika miraba ya kilomita tano hivi. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupiga picha ambazo nukta moja ni mita 10 ya ardhi, na picha hizo hutolewa bure.

Majirani wamekwisha kuijaribu njia hii. Nchini Kenya, mpango wa Kilimo Salama ulianza mwaka 2009 kwa kutumia vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha kwa nguvu ya jua, na fidia ikapitia M-Pesa. Mwezi Januari 2010 bima ya mifugo ilizinduliwa Marsabit kwa kipimo cha malisho kutoka setilaiti. Ukame wa 2011 ulipoua mifugo, wafugaji walilipwa mwezi Oktoba mwaka huo bila afisa kuhesabu mzoga hata mmoja.

Hapa nchini, kampuni za bima ziliunganisha nguvu mwaka 2023 kuanzisha konsotia ya bima ya kilimo (TAIC), chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Lengo la muungano wa aina hiyo ni kugawana hatari ambayo kampuni moja ingeogopa kuibeba peke yake.

Ngitili ndiyo faida kubwa

Kwa upande wa mazingira, tani 14 za moshi si jambo la kudharau, lakini si kubwa ukilinganisha na malori yanayobeba pamba. Faida kubwa zaidi iko katika ngitili.

Wasukuma tangu zamani hutenga eneo la malisho na miti kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado mkoa wa Shinyanga, ulihuisha utaratibu huo, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti. Mkulima aliyekosa pamba na anayedaiwa hutazama miti hiyo kama fedha ya haraka: mkaa, kuni, au shamba jipya la kufidia lililokauka.

Fidia inayofika mapema inampunguzia sababu ya kushika shoka. Inayofika baada ya siku 100 inaikuta miti imekwisha kuwa magunia ya mkaa barabarani. Kwa hiyo kasi ya malipo ndiyo inayolinda mazingira zaidi kuliko mafuta yaliyookolewa.

Setilaiti haimwoni tembo

Hata hivyo, mfumo huu una kasoro ambayo mnunuzi wa bima anapaswa kuijua kabla ya kulipa ada. Mraba wa kilomita tano unaweza kurekodi mvua ya kutosha wakati kona moja imekauka. Mkulima wa kona hiyo anapata hasara bila fidia, na jirani aliyevuna vizuri anaweza kulipwa. Aidha, mawingu huziba picha za kawaida wakati wa masika, ndipo hutumika setilaiti za rada.

Kasoro nyingine inawahusu wanaopakana na hifadhi. Tembo wanaotoka upande wa Serengeti na pori la akiba la Maswa wakivamia shamba usiku, kipimo cha mvua hakibadiliki hata kidogo. Wadudu nao ni hivyo hivyo. Madai ya aina hiyo, pamoja na ghala la pamba lililoungua au lori la robota lililopinduka, bado yanahitaji mtu afike, au angalau picha za simu zenye tarehe na mahali zilizopigwa.

Hivyo basi, AMCOS au mfanyabiashara anayekopesha pembejeo aulize mambo matatu kabla ya kusaini: kipimo ni kipi na kinasomwa wapi, fidia inalipwa siku ngapi baada ya kipimo kushuka, na nani anasikiliza malalamiko endapo setilaiti na shamba havikubaliani. Mwenye hisa naye atazame uwiano wa gharama za uendeshaji kwa ada zilizokusanywa. Gari likibaki Mwanza, uwiano huo unapaswa kushuka. Usiposhuka, na ada ya mkulima nayo isipungue, akiba ya mafuta imeishia mfuko mwingine.