Gharama ya Usiku

Aghalabu mtu aulizapo habari za umeme wa jua, swali lake la kwanza huwa ni bei ya paneli, ilhali paneli, ambazo mwaka 1954 zilipodhihirishwa na Bell Laboratories ziligeuza takriban asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme, na ambazo leo hupindukia asilimia 20, zimeshuka thamani hata hazimlemei tena mwenye nyumba. Kinachomlemea ni usiku.

Tutazame nyumba ya kadiri ya Mombasa: taa tano za wati 8 ziwakazo saa 5, feni ya wati 50 izungukayo saa 8, televisheni ya wati 50 kwa saa 4, na friji ndogo ilayo wati-saa 800, jumla 1,600 kwa siku. Madhali jua la pwani hutupa kwa wastani kiasi cha saa 5 za jua kamili, na robo ya umeme hupotea kwa joto, vumbi na nyaya, paneli za wati 430 hivi zatosha. Lakini taa, feni na televisheni ni mambo ya usiku, na friji hailali, kwa hiyo wati-saa 1,200 sharti zitoke katika betri. Na betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200, ijapokuwa kwa hesabu hubeba 2,400, haifai kukamuliwa kupita nusu, na hata ikitunzwa huchakaa baada ya miaka michache, hali paneli huuzwa na dhamana ya miaka 25. Betri ya lithiamu ni ghali kuinunua, ila huvumilia kukamuliwa zaidi na hudumu zaidi, nami humshauri kila mwenye uwezo aanze nayo.

Siku moja mama mwenye nyumba alimuuliza fundi wetu kuhusu pasi. Ilikuwa ya wati 1,000: saa moja tu ingemeza zaidi ya nusu ya umeme wa siku nzima. “Ipigeni saa sita mchana, mama,” akajibu, “si baada ya isha.”

Neno hilo ndilo hesabu yote ya viwanda. Mota ya kinu, inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishakolea, na inveta isiyokadiriwa kwa hilo huzima. Hiyo ni gharama, lakini hulipwa mara moja. Ikiwa kazi ni ya mchana, umeme hutumika papo hapo uzaliwapo. Ndivyo ulivyo mtambo wa Garissa, wenye megawati 50 na ushei, uliozinduliwa mwaka 2019, ambao hulisha gridi mchana, na usiku ukaachiwa mvuke wa Olkaria na maji ya Mto Tana. Kwa watu wa bahari hakuna kiwanda kinacholifaa jua kuliko cha barafu, kwa kuwa mvuvi huihitaji kabla ya alfajiri, nayo, ikishaganda saa nane mchana na kufungiwa katika ghala lenye kuta nene, humngojea usiku kucha bila betri hata moja.